Senti za Kanisani na Kengele ya Kisauni

Apitaye Kengeleni, Kisauni, huiona kengele ya Freretown, kijiji kilichojengwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wako wadhanio kuwa gharama zote zilitoka kwa serikali ya Kiingereza. La, ndugu msomaji! Nyingi zilichangwa makanisani huko Uingereza, na katika vijisanduku vilivyowekwa hata majumbani, peni kwa peni, na watu wasioijua Mombasa hata kwa ndoto. Dini yao ni yao. Lakini sisi wenye zaka na wakfu, mbona mwalimu wa chuoni angoje Ramadhani, au tajiri wa Ghuba, ndipo alipwe? Kila msikiti na uwe na kisanduku cha madrasa yake, na hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa.