Led Zeppelin na wimbo wa wahami wa 1927: wimbo una wenyewe

Wapenzi wa roki nzito wanapobishana juu ya nyimbo bora ambazo orkesta ya Uingereza Led Zeppelin ilichukua kwa wengine na kuzirudia, ubishi wao huwa ni wa kelele tu. Gita la Jimmy Page linalia vizuri zaidi wapi, Robert Plant anapandisha sauti mpaka wapi, John Bonham anapiga ngoma kwa nguvu gani. Ni mara chache mtu anauliza: wimbo huu ulikuwa wa nani, na mwenyewe alipata nini? Bila swali hilo, orodha yoyote ni bure. Ni kama kusifia nyama ya mbuzi bila kutaka kujua mbuzi alitoka kwenye zizi la nani.

Wimbo unaostahili kuwekwa wa kwanza unaitwa When the Levee Breaks, yaani siku ukuta wa mto unapobomoka. Led Zeppelin waliutoa Novemba 1971, ukiwa wa mwisho kwenye disiki yao ya nne. Wengi wanaoucheza wanadhani ni wimbo wa vijana wanne wa Uingereza waliokaa mahali wakatunga habari za mafuriko. Hapana. Ulirekodiwa mwaka 1929 na wanamuziki wawili Weusi wa Marekani waliokuwa mume na mke: Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie. Na habari iliyo ndani yake si ya kubuni.

Aprili 1927, mto Mississippi ulijaa kuliko ilivyowahi kuonekana. Tarehe 21 ya mwezi huo, tuta la udongo lililojengwa kuzuia maji lilibomoka mahali panapoitwa Mounds Landing, karibu na mji wa Greenville katika jimbo la Mississippi. Maji yalifunika eneo la kilomita za mraba zipatazo 70.000. Watu zaidi ya 600.000 walihama makwao. Msalaba Mwekundu ulifungua kambi 154, na katika nchi tambarare ile inayoitwa Delta, wengi wa waliokuwa kambini walikuwa Weusi waliolima mashamba ya pamba ya matajiri Wazungu.

Msikilizaji aliyelala kambini hahitaji kufafanuliwa kilichofuata. Huko Greenville, watu wapatao 13.000 walibanwa juu ya tuta, maji upande huu, maji upande ule. Mashua zilikuja. Zilipakia wanawake na watoto wa Kizungu. Weusi waliachwa palepale juu ya udongo, kwa sababu wenye mashamba waliogopa kwamba wafanyakazi wao wakishapanda mashua hawatarudi tena kuvuna pamba. Askari waliwekwa kulinda kambi, si ili adui asiingie, bali ili wahami wasitoke bila ruhusa. Wanaume walilazimishwa kushusha mizigo ya msaada na kubeba mifuko ya udongo. Ili kupata chakula, mtu alipaswa kuvaa kibandiko kinachoonyesha yeye ni wa shamba la nani. Hapa Kivu watu wanaijua jeto ya kupokelea unga. Ile ya Greenville ilikuwa na jina la bwana.

Na mkubwa aliyesimamia misaada yote ile, Herbert Hoover, mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa rais wa Marekani. Mafuriko yalimpa jina. Wahami hawakupewa hata mashua.

Huo ndio ulimwengu ambao Kansas Joe na Memphis Minnie waliimbia. Miaka miwili tu ilikuwa imepita. Rekodi yao ina magita mawili na sauti moja ya mwanaume, haifiki hata dakika nne, na hakuna anayepaza sauti ndani yake. Gita la Minnie linakwenda mbio mbio, karibu la kuchezesha, na juu yake Joe anaimba polepole kama mtu anayetazama maji yakipanda bila kuwa na la kufanya. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja anaweza kusikia kwamba mwimbaji huyu hachezi.

Sasa Led Zeppelin. Ukweli usemwe, kwa sababu kuna wanaopinga orkesta hii na kuikataa yote bila kusikiliza: walichofanya na wimbo huu ni kazi kubwa. Waliuvuta ukawa mzito, ukapita dakika saba. Ngoma za Bonham zilirekodiwa katika nyumba ya zamani huko Hampshire iitwayo Headley Grange, zikiwa zimewekwa chini kwenye ukumbi, na mikrofoni zikaninginizwa juu penye ngazi. Ndiyo sababu kila pigo linasikika kama kitu kikubwa kinachoanguka mbali. Plant anapuliza kinanda cha mdomo, Page anapanga magita juu ya magita, na hakuna kinachokimbia. Kansas Joe alikuwa ameimba mtu anayetazama maji. Wale wanne walipiga maji yenyewe. Kurudia wimbo kwa namna hiyo si dhambi. Wimbo wa 1929 ulipata mwili mwingine, na ule wa kwanza haukufa.

Na zaidi ya hayo, mara hii jina liliandikwa. Kwenye disiki ya 1971, chini ya wimbo, kuna majina matano: Page, Plant, Jones, Bonham na Memphis Minnie. Kwa sababu hiyo peke yake, wimbo huu unazishinda nyimbo nyingi walizorudia.

Maana zile nyingine zina kesi.

Januari 1969 Led Zeppelin walitoa disiki yao ya kwanza. Ndani yake kuna I Can't Quit You Baby na You Shook Me, nyimbo za Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi wa Chicago. Jina la Dixon liliandikwa, tena vizuri. Oktoba ya mwaka uleule wakatoa disiki ya pili. Ndani yake kuna Whole Lotta Love, ambao maneno yake yanafuata wimbo wa Dixon uitwao You Need Love, uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halipo. Kuna Bring It On Home, wimbo wa Dixon uliorekodiwa na Sonny Boy Williamson. Jina la Dixon halipo. Kuna The Lemon Song, uliojengwa juu ya Killing Floor wa Howlin' Wolf. Jina lake nalo halipo.

Wapo wanaowatetea kwa kusema kwamba bluzi ni muziki wa jadi, kila mtu anachota, haina mwenyewe. Utetezi huo ungekuwa na uzito kama wasingeandika jina la Dixon mwezi wa Januari. Mwezi wa kwanza walijua mtunzi ni nani. Mwezi wa kumi wamesahau? Na huyo Dixon hakuwa mzimu wa kijijini. Alikuwa hai, anaishi Chicago, anatunga, anapiga besi, anasafiri mpaka Ulaya kupiga muziki. Mtu wa jadi isiyo na mwenyewe hana anwani. Dixon alikuwa nayo.

Malipo yalikuja kwa kusukumwa. Kampuni ya Arc Music, iliyoshika haki za nyimbo za bluzi zilizorekodiwa kwa Chess ya Chicago, ilidai juu ya Bring It On Home na The Lemon Song, na mambo yakasuluhishwa mwaka 1972. Hapa pia asifikiri mtu kwamba Arc Music walikuwa malaika wa kuwatetea Weusi: katika miaka hiyohiyo ya 1970, Dixon na Muddy Waters waliishtaki Arc Music yenyewe kwa kutowalipa haki zao. Mtunzi aliibiwa mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Whole Lotta Love ilibidi ingoje zaidi. Dixon alishtaki mwaka 1985, na walipatana nje ya tribinali mwaka 1987, miaka 18 baada ya wimbo kuzunguka dunia nzima. Dixon alikuwa na miaka 72. Alifariki mwaka 1992, na alichoacha ni pamoja na mfuko wa Blues Heaven, wa kuwasaidia wanabluzi kudai haki zao. Leo mfuko huo uko katika jengo lilelile la zamani la Chess, barabara ya South Michigan, Chicago. Huyo ndiye mtu ambaye wengine wanataka kumwita jadi.

Jake Holmes naye, Mmarekani mweupe, aliutoa wimbo wake Dazed and Confused mwaka 1967. Mwaka huohuo alipiga New York kwenye jukwaa moja na Yardbirds, orkesta ambayo Page alikuwa mpiga gita wake. Disiki ya kwanza ya Led Zeppelin inasema wimbo huo ni wa Page peke yake. Holmes alishtaki mwaka 2010, wakapatana. Kwa hiyo hili si jambo la rangi ya ngozi tu. Ni jambo la nani ana nguvu na nani hana wakili.

Haki itendeke pande zote. Babe I'm Gonna Leave You ulitungwa na mwanamke wa California, Anne Bredon, lakini Page aliufahamu kwa disiki ya Joan Baez ya 1962, na pale uliandikwa kuwa ni wa jadi. Kosa hilo hakulianza yeye, na baadaye jina la Bredon liliwekwa. Halafu kuna Stairway to Heaven: walishtakiwa kwamba waliuiba, na tribinali za Marekani, mwaka 2016 na tena 2020, zikasema hapana. Si kila anayelia ameibiwa kweli. Lakini miaka iliendelea, orkesta ikatajirika, na mwaka 1975 ukatoka In My Time of Dying, mwaka 1976 Nobody's Fault but Mine. Nyimbo zote mbili zilikwisha kurekodiwa mwaka 1927 na Blind Willie Johnson, kipofu wa Texas aliyeimbia Mungu barabarani. Kwa wa kwanza waliandikwa wale wanne, kwa wa pili Page na Plant. Kipofu hakuandikwa mahali popote. Alikuwa amekufa tangu 1945, maskini kabisa, na hakuwa na Blues Heaven.

Mtu atauliza: hayo yanahusu nini familia iliyo chini ya hema, inayotafuta maji na unga? Yanahusu, kwa sababu hema ndimo nyimbo za namna hii zinamozaliwa. Mhami hana shamba tena, hana ng'ombe, hana nyumba. Alichobaki nacho ni habari yake na sauti ya kuisimulia. Mama anayeimba kambini jinsi alivyovuka usiku na watoto wawili, na kijana anayemrekodi kwa telefone, wameshika mali ya thamani. Kalehe ilipofunikwa na maji na matope Mei 2023, waliookoka pale Bushushu na Nyamukubi walijua habari ambazo hakuna mwanamuziki wa mbali angeweza kuzitunga. Atakayekuja na kuzichukua anaweza kuwa na mikrofoni nzuri zaidi na wapiga ngoma hodari zaidi. Na azirudie. Lakini anayesema kwamba nyimbo za kambini hazina wenyewe anasema maneno yaleyale waliyosemewa watu wa Chicago.

Kwa hiyo wale wanaopanga orodha wasiweke Whole Lotta Love juu kwa sababu tu inatikisa kuta. Waweke When the Levee Breaks, kisha I Can't Quit You Baby na You Shook Me, ambazo tangu siku ya kwanza zilibeba jina la mtunzi. Na wakimaliza kumsikiliza Bonham, warudi kwenye ile ya 1929.

Memphis Minnie, aliyezaliwa Lizzie Douglas mwaka 1897, alikuwa hai wakati disiki ya 1971 inatoka. Alikuwa Memphis, mgonjwa wa kupooza tangu 1960, akiishi kwa misaada. Alikufa Agosti 1973. Kaburi lake pale Walls, Mississippi, halikuwa na jiwe lenye jina mpaka mwaka 1996, na fedha za jiwe hilo zilitolewa na mwimbaji Bonnie Raitt. Kansas Joe McCoy alikwisha kufa Chicago mwaka 1950. Sauti inayosikika kwenye rekodi ya 1929, sauti ya mtu anayetazama maji yakipanda, ni ya kwake. Kati ya majina matano ya 1971, la kwake halimo.