Utafiti Urudi Mlimani

Mnamo Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliyoketi Mbale iliwatambua Wabenet kuwa wenyeji wa asili wa maeneo ya Mlima Elgon yaliyokwisha kuingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 1993. Hukumu hiyo, iliyotokana na maafikiano, iliitaka pia serikali irekebishe pengo la elimu na afya. Iliandikwa kwa Kiingereza. Vivyo hivyo tasnifu zinazowahusu.

Nionavyo mimi, hapo ndipo dhuluma ya pili inapoanza. Mtafiti hupanda mlimani, huhoji wazee, hupima watoto, kisha hushuka na daftari lake na kutunukiwa shahada. Aliyehojiwa hajui kama ameandikwa mgonjwa, maskini, au mvamizi wa msitu. Na neno hilo la mwisho laweza kumfukuzisha mtu nyumbani kwake.

Chuo kisimtunuku mtafiti kabla hajarudisha muhtasari wa matokeo kwa Kikupsabiny na kuusoma mbele ya waliohojiwa, nao wawe na haki ya kupinga. Kwa sisi tulio mbali, Jinja na kwingineko, uandikwe pia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka huohuo wa 2005. Nami ningeutumia kufundishia ufahamu katika kidato cha tatu.