Debe Moja la Vyuma Vyote? Sikubali!

Wenzangu, naandika haya nikiwa na kinyongo kidogo, mtanisamehe. Hapa kwetu Kiboko baiskeli si pambo. Ndiyo inayobeba mitungi minne ya maji, na mtungi wa lita 20 una kilo 20, fanyeni hesabu. Pikipiki zimekuja, naam, lakini petroli haichotwi mtoni.

Mjomba wangu hutengeneza baiskeli nyumbani, chini ya mwembe. Ni fundi hodari. Shida ni debe lake. Humo nati, gololi, kotapini, vali na vipande vya cheni vimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Ukimwuliza atakwambia, "Mpwa wangu, mimi najua kila kitu kilipo." Kweli anajua. Lakini siku aliyolazwa na malaria, spana nilishika mimi.

Mama mmoja jirani alileta baiskeli, gurudumu la nyuma likilia. Nikachota gololi debeni. Sasa sikilizeni: gololi za nyuma ni za robo inchi (1/4), za mbele ni ndogo zaidi (3/16). Tofauti ni kama milimita moja na nusu tu, na vidole vikiwa na grisi huioni. Nikazichanganya. Zile kubwa zikabeba mzigo wote peke yake, zikaila koni. Siku ya tatu gurudumu likakwama mchangani, mitungi miwili ikapasuka, na mama yule akarudi mtoni kwa miguu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ni sawa, mwanangu." Jamani, afadhali angenichapa!

Wapo watakaosema kupanga vyuma ni kazi ya wenye maduka. La hasha! Mimi sikununua kitu. Nimetumia chupa za plastiki zinazoonyesha kilicho ndani: gololi za mbele chupa yake, za nyuma chupa yake. Spoki nimezifunga kwa urefu wake kwa vipande vya tyubu kuukuu. Matairi na tyubu nimevitoa juani, kwani jua la hapa hukausha mpira mpaka unapasuka ungali mpya. Koni na ekseli yake navifunga pamoja kwa waya. Koni ngeni huharibu hesi, basi kwisha.

Jambo moja bado tunabishana na Mjomba. Yeye hatupi kitu. Gololi iliyokwisha kutoboka-toboka huiosha kwa mafuta ya taa akairudisha, ati itafaa siku moja. Namheshimu, lakini gololi hizo ndizo zinazorudisha mteja analalamika. Zitupwe, tena mbali, zisiokotwe na watoto.

Debe sijalimaliza; nimefika nusu, na Mjomba hulijaza tena nikiwa shuleni. Mwenye chupa ndogo zisizo na kazi nyumbani aniletee darasani. Vifuniko viwe vinafunga, tafadhali.