Mtunza Mfumo wa Zamani Naye ni Mjenzi wa Taifa

Mwalimu anayefundisha Ngana, wilayani Kyela, karibu na Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, hana sababu ya kuijua programu inayotunza jina lake, cheo chake na mshahara wake. Mshahara ukiingia benki mwisho wa mwezi, kwake hilo latosha. Usipoingia, ndipo hukumbukwa kwamba yupo mtumishi mahali fulani ambaye wajibu wake ni kuiweka hai programu hiyo, pengine iliyoandikwa na watu waliokwisha kustaafu.

Mtumishi huyo hasifiwi. Utepe hukatwa mfumo mpya unapozinduliwa. Haukatwi kwa mfumo wa zamani uliomaliza mwaka mzima bila kukwama. Ndiyo maana wapo vijana wasomi wanaoona kwamba kupangiwa kazi ya kurekebisha programu kuukuu ni sawa na kuadhibiwa. Fikra hiyo ni potofu, na ina hatari.

Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipoingizwa katika mashine zikavurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Kosa halikuwa la chuma. Kazi ilitegemea mno wataalamu wa kigeni, na wananchi wenye ujuzi wa kuisimamia walikuwa wachache. Mgeni akifunga mizigo yake, huondoka na maarifa yake. Mashine isiyo na mtunzaji mwenyeji ni mali ya mtu mwingine, hata kama imekwisha kulipiwa.

Mataifa tajiri nayo hayakusalimika. COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, ingali ikiendesha hesabu nyingi za benki na serikali. Mwezi Aprili 1920 na kitu haikufikiriwa. Mwezi Aprili 2020 ilihitajika mno. Ugonjwa wa korona ulipowaachisha watu kazi huko Marekani, mifumo mikongwe ya jimbo la New Jersey ilielemewa na maombi ya malipo, na Gavana Phil Murphy akalazimika kuomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee. Waliodharauliwa jana wakawa wanatafutwa kwa tochi.

Programu ya zamani ni jalada la maamuzi. Mstari unaoonekana hauna maana huenda uliwekwa kutokana na waraka wa miaka 20 iliyopita, au kulinda haki ya mtumishi aliyehamishwa katikati ya mwezi. Asiyejua akiufuta kwa pupa, mjane mmoja atakosa mafao na hatajua amlalamikie nani. Mtunzaji hodari husoma kwanza, hujaribu marekebisho katika nakala, kisha huandika sababu ya kila badiliko ili atakayemrithi asipapase gizani. Kazi hiyo yataka akili na uadilifu kuliko kuanza upya.

Hii haina maana kwamba kila kikongwe kibaki. Halmashauri zilizokuwa zikitumia Epicor katika hesabu zake zimehamia MUSE, na mabadiliko ya namna hiyo yataendelea. Lakini hakuna ahamaye salama pasipo mtu anayejua kilichomo katika nyumba ya zamani.

Kwa hiyo wakuu wa idara hawana budi kuwapa watunzaji hao mafunzo, vyeo na shukrani, na kumweka kijana kando ya kila mzee anayekaribia kustaafu. Walimu nao wawafundishe wanafunzi kwamba kutengeneza ni elimu sawa na kubuni. Watunzaji wenyewe watembee vichwa juu: mwalimu wa Ngana hawajui kwa majina, lakini kila mwisho wa mwezi nyumba yake hula kwa uangalifu wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.