Ngozi Inapougua, Tusitazame Ngozi Tu



Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa na mwaka mmoja tu kazini, mama mmoja wa makamo alikuja zahanati kwetu akilalamika kwa vidonda vya mdomo. Midomo ilikuwa imechubuka, ulimi una majeraha, na kula ugali kwake ilikuwa adhabu. Nilitazama, nikaona utando mweupe, nikasema ni fangasi. Nikampa dawa ya kupaka. Baada ya wiki mbili akarudi. Nikampa dawa nyingine. Akarudi tena, safari hii akiwa na malengelenge kifuani na mgongoni. Nikampa dawa ya tatu.

Huko kijijini maneno yalikuwa yamekwisha anza. Wengine walisema ana UKIMWI. Alipimwa, akaonekana hana virusi, lakini maneno hayakwisha. Wengine walisema amerogwa, kwa sababu ikifika jioni kope zake zililegea hata jicho moja likafumba, na akizungumza kwa muda sauti ilianza kutokea puani. Wengine walisema anakunywa gongo. Watu wakaacha kula naye sahani moja. Na mimi niliyesomea kazi hii niliziona kope zile, nikadhani ni usingizi wa mtu anayekesha na maumivu.

Aliyeniamsha ni tabibu mmoja mzee kutoka wilayani aliyekuja kukagua zahanati. Yeye hakuanza na mdomo. Alimwambia mama atazame juu bila kushusha macho, naye akawa anahesabu. Dakika moja haijaisha, kope zilikwisha shuka. Ndipo akanigeukia akauliza, "Kijana, huyu amepigwa picha ya kifua?" Nilishangaa. Vidonda viko mdomoni, kifua kinahusikaje?

Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe katikati ya kifua, mbele ya moyo. Mama alipelekwa hospitali ya rufaa, akapasuliwa. Leo macho yake yako wazi na anakula chakula chake, ingawa bado anameza vidonge. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii. Alikubali, ila alisema nisimtaje jina, na nisisahau kuandika habari za ile sahani.

Tangu siku hiyo nina maoni haya, nami nayaleta kwenu wazee wangu na ndugu zangu: ugonjwa wa ngozi au wa mdomo usiopona ni habari inayotoka ndani ya mwili. Sisi wa zahanati na ninyi wa nyumbani tuna wajibu wa kuuliza habari hiyo inatoka wapi, badala ya kuipaka dawa na kunyamaza.

TEZI ILIYO NYUMA YA MFUPA WA KIFUA

Weka kidole katikati ya kifua chako, chini kidogo ya koo. Nyuma ya mfupa huo, juu ya moyo, ipo tezi iitwayo thaimasi. Wanyama pia wanayo. Anayechinja ndama huikuta shingoni na kifuani kama nyama laini nyeupe. Kwa mtoto tezi hii ni kubwa. Baada ya kubalehe huanza kusinyaa, na kwa mtu mzima sehemu yake kubwa hugeuka mafuta.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua kazi yake. Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alionyesha kwamba panya waliotolewa thaimasi wakiwa wachanga walikosa kinga ya mwili, wakaugua na kufa. Ndipo ilipofahamika kuwa tezi hii ni chuo.

Ni chuo cha askari wa mwili. Katika damu yetu zimo chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Baadhi ya chembe hizo huzaliwa ndani ya mifupa, kisha huenda kwenye thaimasi kupata mafunzo. Somo la kwanza ni kumtambua adui. Somo la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni kumtambua mwenye nyumba ili asipigwe. Askari anayeshindwa somo la pili haruhusiwi kutoka. Huangamizwa humo humo chuoni, na wanaoshindwa ni wengi kuliko wanaofuzu.

Sasa fikiri, uvimbe ukiota ndani ya chuo hicho itakuwaje? Mafunzo huharibika. Askari hutoka bila kufuzu. Wakikutana na ngozi ya mwenye mwili, au misuli yake, huiona ni adui na kuishambulia. Uvimbe huo kwa kitaalamu huitwa thaimoma. Huwapata zaidi watu wazima, hasa walio kati ya miaka 40 na 70. Mara nyingi hukua polepole, na unaweza kukaa kifuani bila kuuma. Kwa hiyo mgonjwa hasemi "kifua kinaniuma". Husema "mdomo unaniuma", au "macho yangu yamechoka". Hapo ndipo tunapodanganyika.

ASKARI HAWA HUPIGA WAPI?

Kwanza hupiga misuli. Kati ya watu wenye thaimoma, karibu theluthi moja hadi nusu hupata ugonjwa wa misuli kulegea. Kope hushuka, mtu huona vitu viwiliviwili, kutafuna kunamchosha, na maji humpalia. Asubuhi huwa na nafuu, jioni hali huwa mbaya. Mwaka 1936, huko Marekani, daktari Alfred Blalock alimtoa uvimbe wa thaimasi mwanamke kijana mwenye ugonjwa huu, na misuli yake ikapata nguvu. Tangu hapo madaktari wamejua kwamba kope inayolegea inaweza kuwa na mzizi kifuani.

Pili hupiga ngozi na utando wa ndani ya mdomo. Mwaka 1990 Grant Anhalt na wenzake huko Marekani walieleza aina ya pemfigasi inayofuatana na uvimbe uliojificha mwilini. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huvunja gundi inayoshikanisha chembe za ngozi. Ngozi huwa kama ukuta wa matofali ulioliwa udongo wake: ukiugusa unabomoka. Mdomo huwa wa kwanza, tena kwa maumivu makali. Midomo huchubuka na kuganda damu, kisha malengelenge hutokea mwilini. Mara nyingi chanzo huwa ni saratani ya matezi au ya damu, lakini thaimoma nayo ni chanzo kinachojulikana. Ugonjwa huu unaweza kuingia hata kwenye mapafu. Si wa kuchezewa.

Zipo dalili nyingine zinazoweza kufuatana na thaimoma. Wapo wanaopata mistari myeupe ndani ya mashavu, mithili ya utando wa buibui, pamoja na vidonda. Wapo wanaotokwa nywele mabaka mabaka, na sisi tukadhani ni mapunye. Wapo wanaopata mbalanga. Wengine ngozi hubadilika rangi na kutoa magamba mwili mzima, huku tumbo likiharisha.

Tena kuna jambo lililoelezwa na daktari Robert Good mwaka 1954. Baadhi ya wenye uvimbe huu hupungukiwa kinga katika damu. Basi fangasi ya mdomo na homa ya mapafu huwarudia mara kwa mara. Kwa hiyo hata ule utando mweupe niliouona kwa yule mama huenda ulikuwa fangasi kweli. Kosa langu halikuwa kuona fangasi. Kosa langu lilikuwa kutouliza kwa nini fangasi haiondoki.

WENGINE WATAULIZA

Najua wapo watakaosema, "Kijana, unatutisha. Ugonjwa adimu kama huo una faida gani kwa mkulima?" Swali hilo ni la haki. Ni kweli thaimoma ni adimu. Huko Marekani, ambako huhesabiwa, hupatikana wagonjwa wapya mmoja au wawili kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Ukiona mtoto wako anajikuna usiku, fikiria upele. Ukiona duara lenye magamba, fikiria fangasi. Kidonda kidogo cha mdomo kinachopona kwa wiki moja kisikunyime usingizi.

Lakini swali la "kwa nini hakiponi?" halina faida kwa ugonjwa mmoja tu. Kidonda cha mdomo kisichopona kinaweza kuwa saratani ya mdomo. Majipu na fangasi zinazorudiarudia zinaweza kuwa kisukari au UKIMWI. Baka lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, nao unatibika kabisa. Anayejifunza kuuliza swali hili kwa sababu ya ugonjwa adimu, atawaokoa wengi wenye magonjwa ya kila siku. Mkulima hodari akiona majani yamenyauka hayapaki rangi ya kijani. Huchimba akatazame mzizi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuweke kikomo. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu, au malengelenge yasiyo na sababu inayoonekana, yasipewe dawa ya nne ya kupaka. Mgonjwa apewe barua ya rufaa. Na wewe mgonjwa usione haya kusema, "Mganga, hii ni mara ya tatu." Hilo si tusi. Unatusaidia kazi.

Pili, tumtazame mtu mzima, siyo kidonda peke yake. Je, kope zinashuka jioni? Sauti inabadilika? Anapaliwa? Anapungua uzito? Anapumua kwa shida? Ndugu wa nyumbani ndio wanaoyaona haya, kwa sababu mgonjwa huja kwetu asubuhi akiwa amepumzika. Njoo naye, useme uliyoyaona. Lakini anayeshindwa kumeza au kupumua asingoje barua wala kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Tatu, tujihadhari na dawa za kujinunulia. Krimu kali za dukani hufunika dalili na kuharibu ngozi. Tena mwenye ugonjwa wa misuli kulegea anaweza kuzidiwa akipewa dawa fulani za kawaida, kama kwinini na sindano ya jentamaisini. Basi kila aendapo aseme ugonjwa wake kwanza, ili achaguliwe dawa nyingine. Na aliyepewa vidonge vya prednisoloni asiviache ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Kuviacha ghafla ni hatari.

Nne, hospitalini kuna vipimo. Picha ya kifua huonyesha uvimbe mara nyingi, na picha ya mashine ya CT huonyesha vizuri zaidi. Kipande kidogo cha ngozi hukatwa kikapimwa, na damu hupimwa. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kwa hiyo elimu hii haiko ng'ambo tu. Uvimbe ukikutwa, tiba kuu ni upasuaji. Wengine huongezewa mionzi au dawa za saratani.

Nisiwadanganye kwamba uvimbe ukitolewa kila kitu huisha siku hiyo. Askari waliokwisha kutoka chuoni wangali mitaani. Ngozi inaweza kuchukua muda mrefu kupona, na kwa wengine haiponi kabisa. Pemfigasi ya aina niliyoieleza inaua wengi. Ndiyo sababu nasema tusichelewe.

HABARI ZA SAHANI

Yule mama aliniambia kuwa vidonda vilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kuona sahani yake imewekwa peke yake. Ndugu zangu, ugonjwa huu hauambukizi. Hauji kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala kitanda kimoja. Ni vita ya mwili na nafsi yake. Kumtenga mgonjwa wa namna hii hakumkingi mtu yeyote. Kunamfanya ajifiche ndani, na akijificha hafiki hospitali mapema.

Neno langu la mwisho ni hili. Katika vijiji vyetu mtu akifa, jioni ile ile daftari la rambirambi linafunguliwa na fedha zinapatikana. Hiyo ni mila njema, tusiiache. Lakini yule mama alikaa miezi miwili na barua ya rufaa mkononi kwa kukosa nauli na fedha ya eksirei, na hakuna aliyefungua daftari. Hatimaye aliuza mbuzi wake wawili. Mimi naona halmashauri ya kijiji na vikundi vyetu viweke daftari la wagonjwa wa rufaa, hata kama kila kaya itatoa kidogo. Fedha ya nauli ikitoka mapema, huenda ile ya rambirambi isihitajike.

Kosa langu nimelisema. Nawe msomaji, tazama leo nyumbani kwako na kwa jirani. Kama yuko mtu ambaye kidonda chake kimekuwa hadithi ya kijiji, usiongeze hadithi. Mshike mkono, kaa naye mle sahani moja, kisha mlete zahanati. Nikimpa dawa ya nne ya kupaka, nikumbushe maneno haya.