Viazi Vipimwe Kijijini, si Barabarani

Gunia la viazi vitamu lililojazwa Manchira, wilayani Serengeti, likifika Sirari, mpakani na Kenya wilayani Tarime, aliyelima ameshalipwa kitambo. Mkaguzi wa mpakani hata awe makini vipi, viazi vilivyorundikwa juu ya mdomo wa gunia vimeshamtoka mkulima bure. Ndiyo maana nashikilia kwamba ukaguzi uanzie kijijini, kabla mzigo haujapakiwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka kipimo halali, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukisisitiza kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, haifi kwa sababu watu wanapatana bei kwa gunia, si kwa kilo. Mnunuzi huja na magunia yake, hushonea wavu juu, na viazi hupandishwa mpaka gunia linaota kichuguu. Mkulima anakubali, kwa sababu kiazi kitamu kikishachimbuliwa hakihifadhiki kama mahindi, na lori likiondoka tupu hajui lini litakuja jingine. Kumtoza faini mtu huyu ni kumwonea. Gunia si lake, wavu si wake, bei hakuipanga yeye.

Tena kanuni peke yake haitoshi. Kenya ilitunga kanuni za viazi mviringo mwaka 2019, ikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Ukubwa wa gunia ulipungua kwenye karatasi, lakini sokoni magunia makubwa yaliendelea kuonekana. Kwetu pia kanuni itabaki karatasini Serengeti ikikaza huku Tarime ikilegeza, kwa kuwa wanunuzi watahamia kunakolegea. Halmashauri za wilaya hizi mbili zikubaliane siku moja ya kuanza ukaguzi huo.

Kuna watakaosema mizani ya kijiji ni gharama. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Basi sehemu yake inunue mizani iliyohakikiwa na Wakala, ikae kwenye kituo cha kununulia, na viazi viuzwe kwa kilo.

Cheti cha afya ya mimea nacho kisogezwe karibu na mkulima. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupata utaratibu rahisi wa forodha, lakini cheti hicho bado anakihitaji. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ikipanga siku za ukaguzi Mugumu, makao makuu ya Serengeti, wakati wa mavuno, mama mwenye magunia manne hatalazimika kuifuata karatasi mpakani huku viazi vikinyauka. Na faini ya lumbesa ilipwe na aliyeleta wavu.