MLINZI WA ZIWA NA AJUE ALINDACHO

Askari apewapo lindo huambiwa kwanza analinda nini: ghala, daraja, mpaka au mtu. Asiyeambiwa hulinda kwa macho tu, na mwenye kulinda kwa macho tu hudanganywa upesi. Leo twapenda kusema juu ya lindo moja ambalo wengi wetu tumewekwa bila ya kuelezwa barabara kilichomo ndani yake. Nalo ni maji ya Ziwa George na Ziwa Edward, pamoja na mito iyalishayo, ishukayo kutoka Milima ya Rwenzori na kupita Ibanda, Kilembe, Kasese na Bwera.

Yeyote aliyepata kusimama Kasenyi, Hamukungu au Kahendero ameona ya kuwa maji ya Ziwa George ni ya kijani mwaka mzima. Mgeni hudhani ni uchafu. Sivyo. Rangi hiyo ni ya mimea midogo mno, isiyoonekana mmoja mmoja kwa jicho, nayo ndiyo malisho ya ziwa zima. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake kwa wastani ni mita 2.4 tu. Mchana jua huyapasha moto maji ya juu. Usiku hupoa, yakachanganyika mpaka chini, na mbolea iliyotuama topeni ikapanda tena. Viboko nao, walao nyasi nchi kavu na kunya majini, huongeza mbolea hiyo kila siku.

Katikati ya mimea hiyo huelea wanyama ambao wataalamu huwaita zooplanktoni, yaani wanyama wachukuliwao na maji, wasioweza kushindana na mkondo. Si wote walio wadogo. Yavuyavu wa baharini ni mmoja wao. Na katika Ziwa Tanganyika yuko yavuyavu wa maji baridi, mpana kama sarafu, ambaye mpelelezi wa Kijerumani, Richard Böhm, alimwona mwaka 1883. Lakini katika Ziwa George mwenye enzi ni mdudu wa ukoo wa kaa na kamba, asiyefikia urefu wa milimita moja, mwenye jicho moja tu kichwani. Jina lake la kitaalamu ni Thermocyclops. Wataalamu waliolichunguza ziwa hili kati ya miaka ya 1966 na 1972 walimkuta amewashinda kwa uzito wanyama wengine wote waeleao pamoja naye.

Wataalamu hao walivumbua jambo jingine ambalo kila askari wa doria yampasa kulikumbuka. Ngege aliyekomaa hula ile mimea ya kijani yenyewe, kwa kuwa tumbo lake hutoa asidi kali ajabu, iwezayo kuvunja chakula ambacho samaki wengi hawakiwezi. Lakini mtoto wa ngege huanza maisha yake kwa kula wale wanyama wadogo waeleao. Basi afya ya mdudu asiyeonekana ndiyo afya ya samaki mchanga, na samaki mchanga wa leo ndiye kitoweo cha mwakani. Jamaa za Katwe na Kayanja zilipazo ada ya shule kwa samaki zinategemea mdudu huyo, ingawa hawajapata kumwona.

Maadui wake ni wawili, nao wote wanapita mbele ya macho yetu.

Wa kwanza ni kokoro na nyavu zenye matundu madogo. Samaki wachanga hupenda maji haba ya kando, penye majani, na huko ndiko kokoro huburutwa. Huwazoa wachanga kabla ya kuzaa, hung'oa majani waliyojifichia na kulitibua tope.

Wa pili hutoka mlimani. Kuanzia mwaka 1956 hadi mapema miaka ya 1980 shaba ilichimbwa Kilembe, na mabaki ya machimbo yakaachwa kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulipofurika tarehe 1 Mei 2013, na tena mwezi Mei 2020, haukubomoa nyumba na madaraja peke yake. Ulibeba pia mabaki hayo kuelekea bondeni, liliko ziwa. Shaba kidogo isiyomdhuru mwanadamu anywaye maji yaweza kuwaua wadudu wa ukoo huu. Hapa bunduki haifai kitu. Lakini askari aonaye kingo za mto zikichimbwa, au taka zikimwagwa majini, anao ulimi wa kutoa habari. Na sisi wenyewe tusioshe malori katika Mubuku wala kumwaga mafuta machafu katika Lhubiriha, kisha tukamkemea mvuvi.

Sasa twaja kwenye neno lililo zito zaidi. Tangu mwaka 2017 jeshi letu limepewa kazi ya kulinda uvuvi katika maziwa ya nchi hii. Kazi hiyo ni ya halali na ilihitajiwa. Lakini malalamiko ya wavuvi, kwamba wamepigwa na kuteketezewa mali, yamefika mpaka Bungeni, na hatuwezi kuziba masikio yetu. Wavu haramu una sheria yake na mvuvi ana mahakama yake. Fimbo haimo katika sheria hiyo. Mvuvi aliyepigwa humchukia askari, na hurudi usiku na wavu ule ule. Mvuvi aliyeelezwa kwa nini mtoto wa ngege aachwe huweza kuwa jicho letu ufukoni. Vilevile askari apokeaye samaki wawili ili afumbe macho ameuza ziwa zima kwa mlo mmoja.

Wenzetu walioko Ziwa Edward wana mzigo wa ziada. Sehemu kubwa ya ziwa hilo ni ya Kongo, na mwezi Julai 2018 risasi zililia majini baina ya wanamaji wa Kongo na askari wa Uganda, na watu wakapoteza maisha. Mpaka umechorwa katika ramani. Mdudu aeleaye haujui, wala samaki amfuataye. Kokoro likiachwa Vitshumbi, Kayanja italala njaa. Na likiachwa Kayanja, Vitshumbi italala njaa. Kwa hiyo makamanda wa pande mbili kuzungumza juu ya matundu ya nyavu si udhaifu. Ni ulinzi.

Tunawaomba maofisa na wakuu wa vituo, kabla ya kupeleka kikosi ziwani, watumie nusu saa kuwaeleza vijana yaliyomo ndani ya ndoo moja ya maji ya kijani. Wawaite maofisa wa uvuvi wa wilaya wawasaidie. Doria itakayotoka baada ya somo hilo itajua kwa nini wavu huu ukamatwe na ule uachwe, na itaweza kumjibu mvuvi aulizaye bila ya kuinua mkono.